Alama ya Chaki Mlangoni

Tulipomzika Silvesta, pale Mkomaindo, Masasi, mwanawe Devota alisimama baada ya mazishi akaomba watu wanyamaze. Akasema baba yake ndiye aliyewafumbua macho watu wa Newala zamani za Mwingereza, mwaka wa ule ugonjwa wa kujikunja, akipita nyumba kwa nyumba kuwaeleza unakotoka. Alisema vizuri, mtoto wa watu, hana kosa, anasema alichoambiwa. Waombolezaji wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake, sahani ya wali na maharage mapajani, nikatia tonge kubwa mdomoni. Mama mmoja pembeni yangu akaninong'oneza, "Bibi Somoe, si ulifanya naye kazi wewe? Simama useme neno." Nikamwambia nina tonge mdomoni. Akacheka, akasema hajawahi kuona tonge la kumnyamazisha Somoe. Ni kweli, watu wa huku wananijua. Lakini siku ile nilinyamaza kwa ajili ya marehemu na kwa ajili ya yule binti, nikaondoka kabla ya chai, nikaenda stendi kutafuta gari la kupanda Newala. Njia nzima nilikuwa nagombana na mtu aliyekwisha kufunikwa udongo.

Mwaka ule nilikuwa msichana mkubwa, nimeshachezwa unyago, nimeshaolewa na nimeshaachika. Aliyeniacha alisema alitaka mke, hakutaka baraza ndani ya nyumba. Nikarudi kukaa kwa bibi yangu, mwendo wa asubuhi nzima kutoka bomani Newala. Shule sikwenda. Kusoma nilijifundisha kwenye magunia ya korosho, kwenye madebe ya mafuta ya taa na karatasi za kufungia sukari. Kila mtoto wa shule aliyepita nilimkamata nikamuuliza herufi, na aliyenikatalia nilimsonya mpaka akapotea machoni. Kimakonde ni cha kwetu, Kimakua nilikipata kwa yule mume, Kiyao nilikiokota gulioni, Kiswahili kila mahali. Bibi alikuwa akisema Mungu alinipa ndimi nne akasahau kunipa kizuizi. Akisema hivyo alikuwa anacheka, na mimi nilikuwa naona fahari. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na nyasi, ina giza la baridi ndani hata mchana, na harufu ya moshi, mihogo mikavu na maji.

Niyaeleze hayo maji, maana bila hayo mwaka wenyewe haueleweki. Newala juu hakuna mto wala kisima. Mvua ikinyesha mchanga unaimeza yote. Chemchemi ziko chini kabisa, kwenye mteremko wa ukingo, na mwanamke alikuwa anashuka kabla jua halijatoka, anapanda na mtungi kichwani jua likiwa utosini. Kwa hiyo ndani ya kila nyumba, nyuma ya kitanda, palikuwa na mitungi mikubwa imekaa kwenye mchanga, na hakuna aliyekubali ikauke. Unaongeza maji mapya juu ya yale ya zamani. Mgeni haoneshwi mitungi yako, kama vile haoneshwi nguo zako za ndani. Na kabla ya kuteka, unainama unaangalia kama viluwiluwi wapo, wale wadudu wembamba kama uzi wanaopinda na kujinyoosha majini. Wakiwa wanacheza, maji ni mazima, hakuna mtu aliyeyatia kitu. Wakiwa wamekufa unayaogopa, unajiuliza nani ameingia humu ndani. Mgeni alipokuja, Bibi alimchotea kata ya maji akampa kwa mikono miwili, akamwambia, "Kunywa, baba, wanacheza." Kwetu hiyo ilikuwa heshima.

Ugonjwa ulianza kama homa tu. Jioni mtu anatwanga, asubuhi hawezi kufunga kiganja. Magoti, vifundo, viwiko, vyote vinauma mpaka mtu anatembea amejikunja kama anayetafuta sindano chini. Haukuua wengi, na nadhani ndiyo sababu wakubwa walichelewa kuujali. Lakini uliweza kulaza nyumba nzima kwa mara moja, na kwetu nyumba ikilala yote hakuna wa kushuka kuchota. Nakumbuka wanawake walioshuka ukingo kwa makalio, mtungi umefungwa mgongoni kama mtoto, wakitukanana ili wasilie.

Wataalamu walikuja jua la mwisho kabla ya mvua, na gari la turubai. Daktari alikuwa Mzungu mwembamba, masikio yameungua kwa jua, mpole, anavua kofia hata kwa watoto. Msaidizi wake ndiye Silvesta, kijana wa Chiwata aliyesoma shule ya Chidya, shati jeupe, kaptula imepigwa pasi ikasimama. Walitaka kuingia vyumbani mwa watu kushika mbu. Walikuwa na kijibomba cha kioo chenye mpira. Unamulika tochi chini ya kitanda, unamwona mbu, unamvuta kwa pumzi. Mama Hamisi, jirani yetu, alisimama mlangoni pake na mchi mkononi.

"Mume wangu mwenyewe haingii humu bila kubisha," akamwambia Silvesta kwa Kimakonde. "Wewe na hicho kipande cha filimbi unatafuta nini kitandani kwangu?"

Silvesta akamjibu kwa Kiswahili kirefu cha darasani, mambo ya afya na uchunguzi. Mama Hamisi akanigeukia. "Huyu anasali?"

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikamwambia, "Mama Hamisi, wanatafuta mbu."

"Mbu wangu wamewakosea nini?"

"Wanawachukua tu. Bure."

"Basi wachukue na kunguni."

Akasogeza mchi. Ndivyo nilivyopata kazi. Daktari aliniona, akamwambia Silvesta kitu, na kuanzia siku ile nikawa natangulia mimi mlangoni, wao nyuma. Daktari aliniita Kasuku na nilipenda, sikujua kuna ubaya wowote kuitwa hivyo. Mimi nikishaambiwa mtu huyu ni wangu, basi ni wangu. Anayemsema ananisema mimi. Walipotoa sindano na watu wakaanza kunong'ona mumiani, mumiani, nilisimama uwanjani nikawauliza ni mumiani gani huyo anayekaa barazani mchana kweupe, anaomba ruhusa, anapewa uji wa muhogo na anaumaliza. Wakacheka. Mtu akicheka ameshakuwa nusu yako. Lakini Mama Hamisi hakucheka. Alisema yeye atatoa damu, ila ajue kwanza. "Muulize," akaniambia, "damu yangu ikishafika huko inakokwenda, itaniletea nini?"

Silvesta hakumwuliza Daktari. Alijibu mwenyewe, hapo hapo, akinitazama mimi. "Mwambie italeta majibu. Na majibu hayo watayapata wao kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote."

Nililisema kwa Kimakonde, nikalitia na chumvi yangu. Mama Hamisi akaweka mchi chini akanyoosha mkono, na baada yake wengine wote.

Kwenye kila nyumba ambayo Silvesta alikuta viluwiluwi mtungini, alichora mlangoni duara la chaki na mstari katikati. Alipofika kwa Bibi, Bibi alikuwa bado mzima, akamfuata akimwangalia anavyochora kwenye mwimo. "Baba, unanichorea nini nyumbani kwangu?" Nikamgeukia Silvesta. Akafikiri kidogo. Akasema, "Mwambie majibu yakija, yataanzia hapa." Bibi alifurahi. Mvua zilipokaribia alikata kipande cha jamvi akakitundika kwa kamba juu ya ile alama, isifutike. Watu waliokuwa na nyumba zisizo na alama walikuja kumwonea wivu. Mmoja alimwomba Silvesta amchoree na yeye.

Mvua zilipokaza, homa ikashuka mpaka Masasi, na mimi nikashushwa nayo, nikawe mdomo wao kwa Wamakua na Wayao. Walikuwa wamepanga nyumba yenye veranda pale Mkomaindo. Nilifikia kwa dada yake Silvesta, nyuma ya hiyo nyumba, na jioni tulikula pamoja ugali wa mtama na kisamvu cha karanga, Silvesta akimega upande wake na kunisogezea samaki mkavu bila kusema. Nilimwita kaka. Chumba cha mbele sikuruhusiwa kushika kitu, ila kuangalia niliangalia: vijumba vya chandarua vimejaa mbu, bakuli za maji zenye viluwiluwi kama wa kwetu, na vitoto vya panya weupe ndani ya sanduku, vimelala ubavu vinatetemeka. Harufu ya spiriti ilikuwa inaingia mpaka kwenye chakula.

Siku moja mchana nilikuwa namenya mihogo chini ya dirisha la kile chumba. Ndani Daktari alikuwa anasema na Silvesta kwa Kiingereza, haraka, kwa furaha, sijapata kumsikia hivyo. Kiingereza changu kilikuwa cha kwenye magunia na madebe, lakini maji nilijua yanaitwaje, mbu nilishamjua, mtungi nilishausikia. Nikasikia Silvesta anauliza jambo, na Daktari akajibu neno ambalo nilishalijua kwa sababu alikuwa akiniambia kila nilipotaka kugusa vitu vyake. Bado.

Wakati wa chakula nikasubiri dada aende kuleta maji ya kunawa. "Kaka Silvesta, mmeshajua."

"Tumejua nini?"

"Usinifanye mtoto. Mbu wa mitungini."

Akaangalia mlangoni kwanza. "Ni wale wa mchana," akasema polepole, "wale wenye madoa miguuni. Wakimuuma mgonjwa, halafu wakamuuma mzima, wanampa. Na wanazaliwa kwenye mitungi ya ndani. Viluwiluwi ndio watoto wao."

Nilicheka. Halafu nikamkumbuka Bibi na kata yake, kunywa baba wanacheza, na kicheko kikanikatika. "Basi twende tukawaambie."

"Bado. Daktari lazima aandike kwanza, wakubwa wake ng'ambo wasome, wakubali. Akisema sasa, kisha ikaonekana siyo, jina lake limeharibika."

"Mama Hamisi ametoa damu. Yeye hasomi ya ng'ambo."

"Ndiyo maana tupo mimi na wewe," akasema Silvesta.

Hilo neno lilinishika. Mimi na wewe. Nimezeeka nalo. Nikasogea karibu nikamweleza namna ya kusema, maana niliona wazi kabisa watakapokosea. Nikamwambia ukiwaambia watu wa kule Newala wamwage maji, watakuona umechanganyikiwa. Na ukiwaambia viluwiluwi ni wabaya, basi, bila kuwaeleza, watasema unataka kuwaondolea mlinzi wao ili uwatilie sumu. Waambie hivi: wakati wa kuongeza maji, wachuje kwa kitambaa. Mdomo wa mtungi waufunge kwa kipande cha kaniki na kamba. Hawatapoteza hata kata moja. Na aanze kuambiwa Bibi, nyumbani kwake, akiwa ameketi, kwa sababu Bibi akikubali hakuna mwanamke pale atakayebisha. Silvesta aliyarudia maneno yangu moja moja, kama mtu anayefundishwa sala. Kitambaa. Kaniki na kamba. Bibi kwanza.

"Umesema kweli tupu," akaniambia. "Nitayafikisha kwa Daktari kama yalivyo. Ila wewe nyamaza mpaka nikuite. Ukitangulia kusema, watanifukuza mimi, na kazi itafia hapo."

Nikanyamaza. Wanaonijua wapime wenyewe hilo lilinigharimu nini. Nilinyamaza kwa sababu aliniomba, kwa sababu alinisogezea samaki, kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza mwenye kusoma vitabu kuniuliza mimi jambo akangoja nijibu.

Mvua zilipokatika nikaletewa habari kwamba Bibi ameshikwa na homa. Nikapanda. Nilimkuta kwenye mkeka karibu na mitungi yake, magoti yamekataa kunyooka, mikono ameikunja kifuani kama kuku. Kushukia maji ikawa kazi yangu peke yangu. Nilimfunikia mitungi kwa kanga niliyorudi nayo nilipoachika, nikamwambia ni kwa sababu ya mijusi. Nikirudi kutoka chemchemi nakuta ameifunua. "Maji yanataka kupumua," ananiambia. "Na mimi nataka kuwaona." Nikafunika tena. Akafunua tena. Na nje watu wakawa wananiuliza majibu yako wapi. Mama Hamisi ndiye aliyezidi, kila nikipita: "Somoe, damu yangu imepotea njia, au imeolewa huko huko?" Namwambia inakuja. "Inakuja na miguu au na gari?" Nilikuwa nauma ulimi mpaka nasikia chumvi, lakini sikusema. Silvesta hajaniita bado.

Walikuja kiangazi kimekaza, mikorosho imetoa maua, chemchemi zimekuwa za kukinga tone kwa tone na wanawake wanapigania foleni. Nilisikia kelele upande wa njia kuu nikatoka. Jumbe alikuwa mbele, nyuma yake matarishi wa boma na fimbo zao, na katikati yao shati jeupe. Moyo wangu ulifurahi, nitasema uongo nikikataa. Nikamwita, "Kaka Silvesta, karibu." Akageuza macho kwenye milango. Jumbe alisimama akasema ni amri ya boma, maji yote yaliyolala ndani ya nyumba yamwagwe leo, atakayeficha mtungi atachukuliwa. Basi. Hapakuwa na neno la mbu, wala la homa, wala la kwa nini.

Hawakwenda nyumba zote. Ningependa mnielewe hapa. Walifuata chaki. Silvesta alikuwa anatangulia, anasimama mbele ya mlango wenye duara, matarishi wanaingia. Nikasikia mtungi wa kwanza ukiburutwa kwa Mama Hamisi, halafu maji, halafu Mama Hamisi mwenyewe, sauti ambayo sikujua anayo. Nikakimbilia mlangoni kwa Bibi nikasimama. Bibi kutoka mkekani alisikia viatu.

"Somoe," akaniita, "ndiyo majibu yamefika? Wakaribishe basi."

Silvesta akaja mpaka nilipokuwa. Akainua kile kipande cha jamvi kwa vidole viwili, akaona chaki ingali nyeupe kama ilivyochorwa, akamtazama tarishi. Tarishi akanisukuma kifuani akaingia. Nilimrukia mgongoni, nikamng'ata sikio, nikapigwa fimbo ya mkono, na nikiwa chini nikaona mtungi wa kwanza ukilazwa kizingitini. Maji ya Bibi yalitoka kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani, meusi kidogo, ya zamani, na mchanga ukayanywa yote. Viluwiluwi wakabaki juu wakirukaruka. Halafu wakatulia. Bibi alikuwa anatazama kutoka ndani, hawezi kunyanyuka. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nani aliwaambia waanzie hapa?"

Silvesta alinishika mabega aninyanyue. Nikaitoa mikono yake. "Uliwaambia wachuje? Ulimwambia kaniki na kamba?"

"Nilimwambia Daktari. Kama ulivyosema, neno kwa neno."

"Na yeye?"

"Alisema kazi yake imekwisha. Ripoti ameshaituma, mengine ni ya boma. Boma wakasema kueleza kutachukua msimu mzima, kumwaga ni asubuhi moja."

"Na wewe ulisema nini?"

Akafuta vidole vyake kwenye kaptula. "Mimi ni mtu wa kazi, Somoe."

"Ulisema mimi na wewe."

Alinipita. Ilikuwa imebaki milango mingine yenye alama, na hakuna aliyeijua kumshinda yeye, isipokuwa mimi.

Jioni ile ile nilisimama uwanjani, mkono umevimba, nikasema yote. Mbu wa madoa, watoto wao mitungini, kitambaa, kaniki. Nilisema kwa akili zangu zote, sijawahi kusema vizuri vile. Watu walinisikiliza. Kisha Mama Hamisi, nguo bado zina tope la maji yake mwenyewe, akaniuliza mbele ya wote, "Haya umeyajua lini?"

Nikasema, tangu mvua.

"Na hukutuambia."

"Niliambiwa ningoje."

"Basi ngoja na sasa," akasema, na watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Siku zile zile ikaenea habari kwamba Serikali ilitaka kuua viluwiluwi ili tusitambue maji yakitiwa kitu, na kwamba damu yetu ndiyo iliyowaonyesha nyumba za kuanzia. Mitungi ikajazwa tena kwa taabu isiyosemeka, na viluwiluwi walipotokea tena watu walishangilia. Homa ikaendelea kulaza watu mpaka ilipochoka yenyewe. Kuchuja nilichuja mimi, mitungi ya Bibi peke yake. Lakini Bibi hakunigombeza hata siku moja. Ningependa angenigombeza. Alikuwa tu akiona kiu anaita mtoto wa Mama Hamisi amletee kikombe kutoka kwao. Maji niliyoyashukia ukingo na kuyapanda na kichwa changu alipikia, aliogea, lakini hakuyanywa tena mpaka alipokufa.

Daktari sikumchukia sana, na watu hunishangaa kwa hilo. Daktari hakuniahidi kitu kwa mdomo wake. Hatukuwa na lugha ya kuahidiana. Na alichokigundua kilikuwa kweli, hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote. Wangekuwa wamekosea, ningesema wamekosea, yamekwisha. Walipatia. Majibu yalikuwepo, mazuri, yamekamilika, yalipita juu ya vichwa vyetu yakaenda ng'ambo kusomwa, na yaliporudi kwetu yalirudi na fimbo. Aliyekuwa anajua pande zote mbili, lugha ya kule na mlango wa huku, ni Silvesta. Alipandishwa cheo, akajenga Mkomaindo. Tulikutana gulioni Masasi mara nyingi, tukasalimiana kama watu wazima. Mara moja aliwahi kuniambia, akichagua mbaazi, "Ulikuwa na akili sana wewe." Nikamwambia mbaazi hizo zina wadudu.

Siku ile ya msiba nilishuka kwenye gari Newala, sikwenda kwangu, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Hamisi. Macho yake yameondoka, anakaa barazani kwenye nyumba ya bati aliyojengewa na Hamisi, na kando ya mlango kuna pipa la kukinga maji ya paa.

"Shikamoo, Mama Hamisi."

"Marahaba. Nani huyo anasalimia kama anagombana?"

"Somoe."

"Ndiyo maana."

Nikamwambia natoka Mkomaindo, tumemzika Silvesta. "Yule wa sindano?" Nikasema ndiye. "Mungu amrehemu. Alikuwa na mkono mwepesi, sikusikia hata maumivu." Halafu akasema, "Umetoka mbali, utakuwa na kiu. Teka humo pipani. Angalia kwanza kama wanacheza."

Nikainama juu ya pipa. Walikuwepo, wamejaa, wanapinda na kujinyoosha kwenye mwanga wa jioni kama walivyokuwa kwa Bibi.

"Wapo?"

"Wapo."

"Basi kunywa."

Nikavua kanga ya kichwani, nikaitandika kwenye kikombe, nikamimina. Mama Hamisi akageuza shingo. "Mbona yanaingia polepole hivyo? Unafanya nini?"

"Nawatoa."

"Unawatoa? Nani kakwambia?"

"Damu yako," nikamwambia. "Ile uliyoitoa."

Mkono wake wa kulia ukaenda wenyewe mpaka kwenye kiwiko cha kushoto, pale ndani panapokunjika, ukapapasa. "Kumbe ilifika," akasema.

"Ilifika."

"Ikasema nini?" Akajisogeza mkekani, akapigapiga kwa kiganja pale alipopaacha wazi kwa ajili yangu. "Kaa. Lakini sema taratibu, na usirukeruke kama zamani."

Nilifunga kanga yangu kwenye mdomo wa pipa, nikakaa.